Mashoto

Niliinunua Luthuli, ghorofa ya pili,
kwa kijana aitwaye Barasa aliyeipangusa kwa kiwiko
akasema, "Mtumba, dada, lakini ni daraja la kwanza."
Tumboni ilikuwa na kibandiko cha ofisi ya ng'ambo,
lugha nisiyoijua, na namba ya chumba: 14.
Chini ya skrini, upana wa vidole viwili,
utepe mweusi usiowaka tena.
"Nimekuwekea Linux," akaongeza,
kama fundi anayesema nimebadilisha zipu tu.

Usiku ule, Kayole, nikagundua
kwamba ukanda wenye vitufe vyote
umelala humohumo ndani ya utepe mweusi,
kama mtu aliyetumbukia mtaroni na bado anaita.
Nikabofya gizani. Nikabofya tena.
Kisha nikakumbuka nguo.

Mchana mimi ni mkata vitambaa Gikomba.
Huja koti la jitu la Ulaya, mabega kama mlango,
na mteja ni karani mwembamba wa Makadara
anayeoa Jumamosi.
Hatumwambii anenepe.
Tunafumua.

Basi nikafumua.
Nikaung'oa ukanda chini nikausimamisha ubavuni.
Nikaondoa mlima wenye theluji ya watu
nikapaka rangi moja, buluu ya chaki ya kushonea.
Nikakuza herufi, maana macho yangu
yameshinda kutwa yakitunga uzi.
Siku ya tatu nikafuta ukanda wote kwa bahati mbaya,
nikabaki na buluu tupu na moyo mdomoni,
hadi nilipoandika amri niliyokuwa nimeinakili
nyuma ya risiti ya unga.

Alama ya kufunga dirisha ilikuwa kona ya kulia.
Kila kitu duniani kiko kona ya kulia.

Mimi ni mashoto.
Darasa la pili, Bi. Kwamboka alikuwa na rula ya chuma
na jina la mkono huu ambalo sitaliandika.
Nikajifunza kusalimia kwa kulia, kula kwa kulia,
kupokea hata chenji kwa kulia.
Makasi ya Gikomba nayo ni ya kulia:
miaka tisa yamenichimbia sugu kwenye gumba.
Na sasa, ndani ya mipangilio, chini ya neno Kipanya,
viduara viwili vidogo:
Kulia. Kushoto.
Hakuna aliyeuliza kwa nini.
Nilikaa nikivitazama
kama mtu aliyekwisha kufunguliwa mlango
na bado anabisha.

Saa ndiyo iliyonisumbua.
Ilisema 08:00 na uji bado uko motoni,
wakati kila mtu mwenye mama anajua hiyo ni saa mbili.
Maisha yangu yote natoa sita, naongeza sita,
kama mbadili fedha wa mpakani.
Nikapekua orodha ya miji hadi nikafika Resife, Brazili.
Simjui mtu huko.
Ila wao wakiwa usingizini saa mbili ya usiku,
sisi tuko kwenye uji, saa mbili ya asubuhi.
Nikaihamishia saa yangu Resife.
Ilikwenda bila pasipoti.

Jumapili akaja ndugu yangu Mutinda, ana fomu ya kujaza.
Mkono wake wa kulia ukapapasa meza,
kipanya kiko upande wa pili.
Akibofya afungue, menyu zinachipuka.
Akitafuta pa kufunga, hapapo.
"Hii kitu imeharibika. Na saa imekufa?"
"Haijafa. Iko Resife."
Amepinda bega, ulimi kati ya meno,
anaandika jina lake polepole
kama mtoto wa darasa la pili.

Nitamsaidia.
Kwanza nimalizie chai.